Boga la Nkambo

Juzi, mjukuu wangu, ulinionyesha katika simu watoto wa Ulaya waliojivika sura za mizimu, na boga lililotobolewa macho, mshumaa ukiwaka ndani yake. Ukanisomea kwamba watu wa kale wa huko waliamini wafu hurudi nyumbani katika mkesha wa Watakatifu Wote. Ulicheka. Acha kucheka, uandike haya ninayokusimulia.

Nilipokuwa mtoto, alasiri ya Siku ya Wafu, hapa Kasongo, tulikwenda makaburini kupalilia. Mvua ilikuwa imepita, na harufu ya nta ilishinda ya udongo. Mama aliwasha mshumaa kwenye kaburi la nkambo, mama yake aliyenilea. Nilidhani mshumaa ule ni taa ya kulia chakula, na mbele ya nkambo hapakuwa na chakula chochote. Moyo uliniuma. Nikafungua kitambaa, nikamwekea kipande cha boga la kuchemsha nilichokificha tangu asubuhi.

“We mutoto, nani amekutuma?” mama aliuliza.

“Nkambo iko na njaa.”

Shangazi akaangua kicheko. “Ataamuka akuombe chumvi!”

Mama alikimega kile kipande, akala nusu, nusu akairudisha kaburini. “Alikuwa anapenda hivi hivi, bila chumvi,” alisema. Nikatulia: nkambo amekula.

Leo najua kwamba mshumaa ule ulikuwa wa sala. Lakini watoto wa simu yako hutoa nyama ya boga, wakawawekea wafu ganda tupu. Mwaka huu tukienda kupalilia, wewe utabeba boga. Lipikwe, na lisitobolewe macho.