Mchicha Umepanda Kichanjani

Juzi nilikuwa kwenye duka la pembejeo Mbagala, nikitafuta dawa ya mchwa, mama mmoja akaingia kununua mbegu za mchicha. Miguuni ana tope la bondeni, mkononi kashika keni ya kumwagilia.

"Shikamoo mama. Matuta yanaendeleaje?" muuzaji akamuuliza.

"Marahaba. Matuta gani tena, baba? Mafuriko yaliyabeba yote na samadi yake. Siku hizi nalima kwenye ndoo, nimezipanga juu ya kichanja."

"Na maji yakirudi?"

"Kichanja kiko juu." Akaweka kiganja usawa wa kiuno.

Nje wingu likatanda, dukani kukawa giza. Mama akageuka, akalitazama. Kiganja kikapanda hadi kifuani. Akalitazama tena. Kikapanda hadi juu ya kilemba, kikabaki hapo.

"Fundi ataniongezea nguzo," akasema, kama anayejiambia mwenyewe.

"Sasa huko juu utamwagiliaje?"

"Nitapanda stuli."

Akalipia mbegu zake, akatoka.

Mie nami nakaa bondeni. Nilipofika nyumbani nikasimama ukutani, nikainua kiganja juu ya kichwa kama yeye. Kitanda, kochi, friji, vyote vilikuwa chini yake, pamoja na mimi mwenyewe. Kila siku wakulima wanahimizwa wabadilike kufuatana na hali ya hewa, na huyu mama kabadilika kweli. Mchicha wake umeshapata pa kukimbilia. Mie bado natazama dari.