Mheshimiwa wa Ipagala

Wananchi mnatangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba Mheshimiwa wa kando ya barabara ya Ipagala bado yu hai. Ni mwarobaini. Mgeni rasmi aliupanda, akapigwa picha ameshika koleo, akanawa mikono kwa maji ambayo yangeutosha wiki nzima, akaondoka na msafara wake. Mzee aliyeachiwa kuumwagilia akabaki na chupa tupu za maji za wageni. Alizikata vitako, akazitoboa vizibo, akazifukia vichwa chini shinani, maji yadondoke taratibu jua lisiyawahi. Kila asubuhi anavua kofia na kusema, “Umeamkaje, Mheshimiwa?” Ndiyo salamu yake pekee hadi jioni. Kisha anakwangua gome kwa ukucha wa kidole gumba, aone kama ndani bado kuna ukijani. Akiuona, hupiga mluzi. Mashimo ya miti mingine ya siku ile yamebaki na vibao vya majina ya wakubwa tu, na mbuzi hujikunia hapo.

Jana Edina, karani wa ofisi ya ng’ambo ya barabara, alimkuta ameukinga mti na upepo kwa mgongo wake.

“Shikamoo, babu. Huu mti unaupenda, jamani.”

“Marahaba. Siupendi,” alisema, akijaza chupa. “Ndio uliobaki.”