Mpini wa Jambia la Baba

Kaka yangu mkubwa anaishi ng'ambo miaka mingi sasa, na ugonjwa wa sukari umemla macho. Alipoacha kuona kabisa alinipigia simu, akaniomba kitu kimoja tu: jambia la baba. Babu alikuja nalo Isiolo akiwa askari wa wakoloni, baba akalirithi, na mimi likanibakia kwa sababu ndimi niliyebaki nyumbani.

"Tuma vile iko, walaal, ndugu yangu," alisema. "Usiguse kitu."

Mimi nauza visu na bangili kando ya barabara ya kwenda Marsabit. Kazi yangu ni kugusa. Nililitoa lile jambia sandukuni, limeliwa na kutu kama jembe lililosahauliwa shambani Rapsu, nikaona aibu. Ningemtumiaje kaka yangu kitu kama hicho? Watu wa forodha huko wangesema hatuna hata mafuta ya kupaka chuma.

Wakala wa mizigo hapa mjini ndiye aliyenimaliza. Aliutazama mpini wa pembe nyeusi, akauliza ni ya mnyama gani. Sikujua. Baba hakuwahi kusema, nasi hatukuuliza.

"Hapo ndio kuna shida," akasema. "Wakidhani ni ya kifaru, utaenda kueleza kortini. Toa hiyo pembe."

Niliogopa. Huku kwetu kwenye hifadhi za wanyama kila upande, neno kifaru halitamkwi kwa mchezo. Basi fundi wangu akalisaga jambia mpaka likameta, akalitia mpini mpya wa mti na ala mpya ya ngozi. Nikalifunga kwa furaha. Sijui nilikuwa nafurahia nini.

Lilipofika likazuiliwa. Sheria yao inasema jambia la makali mawili ni silaha na haliingii, isipokuwa liwe limepita miaka mia. La baba lilikuwa limepita. Lakini wao waliona chuma kinachometa, mti unaonuka vanishi na ngozi ya juzi. Walitaka ushahidi, hata picha ya zamani. Sikuwa nayo. Ile kutu ndiyo iliyokuwa ushahidi, na mimi ndiye niliyeamuru isagwe. Niliandika barua tatu za kujieleza. Jibu lilikuja moja: limeharibiwa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa guu lililovunjika halikuwa langu. Nilikaa siku nne bila kumpigia. Nilimkasirikia wakala, nikamkasirikia fundi, nikawakasirikia watu wa forodha nisiowajua hata sura, mpaka wa kukasirikiwa wakaisha nikabaki mimi.

Nilipompigia nilimwambia yote. Hakunifokea. Akauliza tu, "Na ile pembe ulitupa?"

"Iko hapa kwa droo."

"Hiyo ndio nilikuwa nataka kushika. Toa. Shika vile baba alikuwa anashika."

Nikaitoa. Upande mmoja pana kishimo, palipoliwa na kidole gumba cha baba kwa miaka yote aliyochinja. Nikaweka changu.

"Imejaa?"

Ningeweza kumdanganya, maana haoni.

"Haijajaa," nikasema. "Kidole yangu ni ndogo."

"Yangu ingejaa," akasema kaka.