Kabichi za Andrea

Scholastika, mhudumu wa afya wa kitongoji chetu huku Mgeta, haogopi mtu. Nesi wa zahanati aliposema mtoto wa mke mpya wa Andrea amekaa vibaya tumboni, mama apelekwe haraka kituo cha afya, gari la wagonjwa lilikuwa mbali. Lori la Andrea lilikuwepo, limejaa kabichi za kupeleka Dar.

“Nimeshapakia, dada!” Andrea akalalamika.

“Kwani kabichi nazo zina uchungu? Shusha!”

Tulishusha wote, hata mimi, mke wa zamani aliyeniacha, akanidhulumu na shamba langu.

Jioni Scholastika alirudi akipiga vigelegele: mama mzima, mtoto mzima. Alinikuta nabeba kabichi za mwisho kwenda kwangu.

“We mama!”

“Zimetoka shambani kwangu,” nilimjibu. “Chukua mbili.”

Akachukua tatu.