Siku Shangazi Alipomega Tonge

Juma lililopita muuguzi aliniarifu kwamba makohozi yangu ya mwisho hayana vimelea, na kwamba miezi yangu sita ya dawa za kifua kikuu imekamilika. Nikamwomba aliandike jambo hilo kwa kirefu kwenye karatasi na kuigonga muhuri. Akacheka. "Babu, umeshapona. Nani atakudai karatasi?"

Ngoja nikueleze wewe, rafiki yangu, nani.

Nilikulia Igogo, kando ya ziwa, katika nyumba iliyonuka dagaa walioanikwa maweni na moshi wa kuni mbichi. Mchana tulizunguka sinia moja la ugali wa muhogo, isipokuwa shangazi. Tangu augue kifua, alikula peke yake barazani, katika bakuli la bati lililotobolewa ukingoni ili lisichanganyike na vyombo vingine, kana kwamba ugonjwa wa hewa hukaa kwenye bati.

Siku aliyomaliza sindano zake alirudi na karatasi. Nikaisoma kwa sauti mbele ya bibi na baba mkubwa, ambao hawakujua kusoma: makohozi safi, matibabu yamekamilika, anaruhusiwa kuishi na wenzake. Shangazi akanawa, akaketi kati yetu, akamega tonge.

Baba mkubwa alilipiga sinia teke. Mchuzi wa sato, wa moto, ukanimwagikia miguuni. Akatwaa kafi la mtumbwi, akampiga dada yake mgongoni, kisha kwenye mkono ule uliomega, mpaka tukasikia mfupa ukilia.

"Kaka, mtoto amesoma," shangazi alisema.

"Karatasi haikohoi. Wewe ndiye unayekohoa."

Hakuwa amekohoa hata mara moja. Bibi, mama yao mzazi, alitazama chini, akaanza kuokota vipande vya samaki.

Naliandika hili kwa sababu ukoo wetu husimulia vingine. Shangazi hakuteleza kisimani, wala ugonjwa haukumdhoofisha mifupa. Alipigwa mchana kweupe, akiwa mzima, na watu wazima wakiwa wameketi.

Alfajiri alipanda meli ya Ukerewe, mkono umefungwa kwa kanga, asirudi tena. Mchana bibi alitupakulia kila mmoja sahani yake, akidai ni kwa ajili ya amani. Basi nyumba ile ikakosa vicheko vya kugombea ukoko na mikono ya wakubwa iliyotusogezea minofu. Tulikula kimya, kila mtu na chake.

Lile tonge shangazi hakuwahi kulifikisha kinywani.