Nyumba ya Kondo Isianguke

Mie Somoe binti Mfaume sijui kumung'unya maneno. Kondo alikuwa mkaidi, mkewe Tunu mkaidi zaidi, na Mungu aliwakutanisha makusudi. Nyumba yao pale Chang'ombe ilipakana na yangu: ya miti na udongo kama yangu, imeinama kama yangu. Kondo alikuwa mpagazi wa magunia bandarini, Tunu akikaanga mihogo barazani. Wana wawili wa Tunu walizikwa kwenye makaburi ya nyuma ya mtaa, na kila Ijumaa alikwenda kung'oa majani juu yao. Ukimtajia habari ya kuhama, anakutazama tu mpaka unajuta kufungua kinywa.

Miaka ile baada ya vita vya Hitla, karani wa viwanja, kijana wa bara aitwaye Alfonsi, alitukusanya akatusomea amri. Sehemu yetu inatakiwa kwa majengo mengine. Kujenga nyumba mpya ya udongo ni marufuku. Zilizopo, wenyewe wakae humo mpaka zitakapoanguka.

Watu walishika tama. Kondo alicheka.

"Bi Somoe, hukusikia? Mpaka zianguke! Basi yangu haianguki."

"Mchwa wamekwisha kuila mpaka kwenye paa," nikamwambia.

"Nitaanza na hao mchwa."

Hakuita fundi, wala hakutaka majirani tumsaidie. Alisema watu wengi watavuta nguzo vibaya, paa liporomoke, na paa likiporomoka ndiyo nyumba imeanguka. Kwa hiyo kila jioni akitoka kazini aliegemeza paa kwa gogo, akang'oa nguzo moja iliyooza, akachimbia mpya, kesho akahamia ya pili. Tunu alikanyaga udongo, akakandika, akasiriba kwa viganja vyake. Nguzo mbovu alizipasua kuni akakaangia mihogo.

Na matusi yao, hee! "Mwanamke, udongo wako maji matupu, kama uji wa mgonjwa!" "Basi unywe, upate nguvu ya kunyoosha nguzo zako!" Nilikuwa nacheka peke yangu uani.

Wakafanya hivyo mwaka na miezi. Masika yaliwafutia ukuta mzima, wakaukandika tena. Walipomaliza, nyumba imesimama wima, makuti mapya, kuta zimepakwa chokaa. Wallahi niliwaonea wivu. Tunu alipitisha mkono ukutani, akaniambia, "Bi Somoe, nitazeekea karibu na wanangu."

Wiki ya pili Alfonsi akapita na daftari lake. Akasimama, akaitazama.

"Shikamoo, mzee. Nyumba hii kajenga nani?"

Kondo kifua kikamvimba. "Marahaba. Sie wenyewe, bwana karani. Mie na mke wangu, kwa mikono yetu."

"Yote?"

"Yote! Humo ndani hakuna hata ufito mmoja wa zamani. Ingia uangalie."

Laiti ningemziba mdomo. Alfonsi aliingia, akagonga nguzo moja moja, akatoka akiandika. Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionikera, kwamba nyumba ya miti mipya ni nyumba mpya, na amri ya nyumba mpya inajulikana.

"Mpya?" nikaruka. "Nyumba hii naijua tangu wakati wa Mjerumani!"

"Bibi, ile ya wakati wa Mjerumani imeanguka. Wameiangusha wenyewe, mti mmoja mmoja."

Kondo akaomba. Alfonsi akafikiri, akasema kama zipo japo nguzo chache za zamani azione, pengine wakubwa wake wataiandika kuwa ni matengenezo. Kondo akamgeukia mkewe.

Tunu alikuwa amesimama na mwiko mkononi. "Nimepikia," akasema. "Zote."

Kondo alivaa kanzu akaenda ofisini mara tatu. Mara ya tatu hawakumwita hata ndani. Baadaye wakaletwa wafungwa kuivunja, na kwa jinsi ilivyofungwa vizuri, iliwachukua siku mbili. Tunu hakutoka mpaka Kondo alipombeba. Majengo waliyosema hayakuja. Kiwanja kiliota magugu, na hakuna aliyeruhusiwa kulima hata mchicha.

Niliwapa chumba kwangu. Wangekwenda wapi? Kondo aliacha kutukana, akaacha kucheka pia. Akitoka bandarini anakaa kitandani, uso ukutani. Tunu alikwenda makaburini Ijumaa mbili tatu, kisha akaacha. Sikumwuliza.

Masika yalipoingia, ukuta wa chumba chao ukafanya tundu, maji yakawa yanatiririka mpaka miguuni pa kitanda. Asubuhi moja nikamkuta Tunu amechuchumaa, ameponda udongo, anaziba. Kwa mara ya kwanza tangu nyumba yao ivunjwe, nilimwona usoni ana uhai.

Nikampiga mkono. Ndiyo, mie. Nikampiga mkono kama mtoto.

"Usiguse! Unataka waje wanivunjie na mie?"

Alikwangua ule udongo wote, hata uliokwisha kushika, akautupa nje kwenye mvua. Kisha akasogeza kitanda mbali na maji, Kondo akiwa bado amelala juu yake.