Cherehani na Mashine Isiyolalamika

Kazini walimwita Cherehani, kwa sababu mguu wake wa kulia haukujua kutulia. Akikaa unapiga sakafu, akisimama unapiga, na shangazi yake aliyemlea alishakata tamaa zamani: "Huyu hata akilala anasafiri." Kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta za hospitali. Chumba chake kilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia, na humo mlikuwa na seva moja kubwa iliyogawanywa kuwa mashine tisa pepe. Chukulia nyumba ya kupanga: wapangaji tisa, kila mmoja na chumba chake, lakini tangi la maji ni moja. Tangi hilo ndilo kumbukumbu ya kufanyia kazi, nayo haikutosha hata siku moja. Cherehani alikuwa akimpunguzia huyu ampe yule.

Na tusidanganyane, alimpunguzia asiyepiga kelele. Katibu muhtasi wa mkurugenzi alikuwa akipiga simu kila baada ya dakika kumi kwamba mashine yake inajikokota. Alhamisi Cherehani alichoka naye, akachota kumbukumbu ya benki ya damu, akampa. Benki ya damu hawakusema neno, naye akasahau. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani ana muda wa wahenga Alhamisi alasiri?

Jumatatu saa nne asubuhi mshindo ukaja. Mashine ya benki ya damu iliishiwa kumbukumbu, ikaganda. Angeiachia robo saa, pengine ingejikwamua yenyewe. Robo saa kwa Cherehani ni mwaka. Akaizima kwa nguvu, ikiwa katikati ya kuandika, kisha akaiwasha. Ilipoamka, diski haikusomeka. Mafaili yalikuwa yameparaganyika, na skrini ilijaa mistari ya makosa.

Hazikupita dakika tano, muuguzi mkuu wa benki ya damu akawa mlangoni. Mama mpole, hajawahi kukanyaga chumba kile.

"Mwanangu, orodha ya wachangiaji haifunguki."

"Naiona, Sista. Naishughulikia."

"Kuna mama yuko chumba cha upasuaji. Amejifungua, damu haikatiki, na kundi lake ni adimu. Nimebakiwa na mifuko miwili. Wenye damu kama yake wamo humo, na namba zao za simu."

"Hakuna daftari?"

"Lipo la zamani, nimelijaribu. Watu wanne. Watatu wamebadili namba, wa nne ni mjamzito."

Amri ya kutengeneza diski ni neno moja tu, vidole vya Cherehani vilikuwa tayari juu ya kibodi. Lakini pembeni mwa skrini palibandikwa karatasi yenye mwandiko wake mwenyewe: NAKALA KWANZA. Aliiandika baada ya kazi yake ya mwanzo, alipotengeneza diski ikiwa bado inatumika, sawa na kushona suruali ikiwa mwilini mwa mtu. Picha za eksirei za miaka mitatu zilipotea zote. Maji yale hayajazoleka mpaka leo.

"Sista, lazima kwanza ninakili diski nzima, kisha nitengeneze ile nakala. Nikikosea kwenye yenyewe, ndiyo basi tena."

"Muda gani?"

"Dakika arobaini."

Sista alitazama saa, akavuta kiti. "Anza basi."

Jamani, kusubiri kuna wenyewe. Asilimia tatu. Asilimia nne. Cherehani alikaa, akasimama, akafuta vumbi ambalo halikuwepo, akahesabu nyaya, akazihesabu tena. Mara mbili mkono ulikwenda kukatiza, mara mbili akaukalia. Alimlaani katibu muhtasi kimoyomoyo, kisha akakumbuka kwamba mwizi ni yeye mwenyewe. Simu ya Sista ikaita: mfuko wa kwanza umekwisha.

Nakala ilipokamilika, akaitengeneza. Mafaili yalirudi vipandevipande, hayana majina, yana namba tu, zaidi ya mia sita. Wakayafungua moja moja. Ratiba ya zamu. Barua ya kuomba friji. Ratiba tena. Barua ileile ya friji.

"Rudi nyuma," Sista alisema. "Hiyo hapo."

Majina kumi na moja, na namba zake. Sista alipiga akiwa amesimama. Wa tatu, kinyozi, alisema nafunga duka nakuja. Kabla ya saa saba wachangiaji wawili walikuwa wamelala, mikono imenyooshwa. Saa tisa yule mama alitolewa chumba cha upasuaji akiwa hai, akiuliza mtoto wake ana kilo ngapi.

Hapo Cherehani akaenda benki ya damu kwa miguu yake mwenyewe.

"Sista, mashine haikuharibika yenyewe. Alhamisi niliwapunguzia kumbukumbu, na leo nikaizima vibaya."

Sista alikuwa akibandika lebo kwenye mifuko. Hakuacha. "Kwa nini sisi?"

"Hamkuwa mnalalamika."

"Ilikuwa inakwama tangu Ijumaa," Sista alisema. "Tulijua una kazi nyingi, tukaona tusikusumbue."

Bora angemtukana. Cherehani alirudi chumbani kwake, akairudishia benki ya damu haki yake yote. Hata hajakaa, simu ikalia. Katibu muhtasi, mashine yake inajikokota tena.

"Najua, dada," Cherehani alimwambia. "Nimeipunguza mwenyewe."